Hazikushuka

Nasipwondi rafiki yangu, nakuandikia, ni mwaka 2024, mvua ya masika, na leo nimeaibika.

Niliwasindikiza kliniki mjukuu wangu Phanuel na mkewe, Jael, yule niliyemwita tasa miaka sita.

Daktari, kijana mdogo, akasema: "Shosho, korodani zake haikushuka tangu azaliwe."

Nikamsahihisha, mwalimu mstaafu mimi: "Sema hazikushuka."

"Sawa, shosho. Hazikushuka. Zote mbili. Ndiyo maana hawapati mtoto."

Zote mbili, Nasipwondi! Nami ndiye niliyemlea, nikamwogesha. Niliona, nikasema zitashuka zenyewe.

Nikauliza chanzo. Akajibu kwamba vipimo vya damu vimeonyesha hitilafu ya jeni, ya kurithiwa upande wa mama. Mama yake ni marehemu binti yangu. Basi huenda imetoka kwangu. Nifanye nini? Damu haisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Tukarudi nyumbani Kianda.

Neno tasa nililitamka mbele ya akina mama wa kanisa. Jioni hii nimewaendea walewale, Jael akiwa kando yangu, nikasema: "Jael si tasa. Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Alinishika mkono, tukarudi.