Kuita Mbweha Upande wa Mzee Bahamonde

Jumatatu, 1 Oktoba

Kondoo wanazaa usiku na mchana. Leo nimevuta wana-kondoo wanne kwa mkono, wawili wametoka wamekufa. Mgongo unaniuma mpaka nakunja uso nikifunga viatu. Upepo haujatulia tangu Ijumaa.

Miaka kumi na moja niko huku Patagonia, na bwenini bado wananiita Mchilote, mtu wa kisiwani, kana kwamba mama hakunipa jina. Nyapara Sáenz kanifokea mbele ya watu kwa sababu ya lango lililoachwa wazi. Si mimi niliyeliacha. Nikanyamaza. Huwa nanyamaza.

Kuna mbweha mkubwa mwekundu anayetumalizia wana-kondoo upande wa magharibi. Mpishi anasema ana ukubwa wa ndama. Mpishi mwenyewe hajatoka jikoni tangu Krismasi.

Jana usiku nilitoka na rafiki yangu Ramiro kwa pikapu yake. Mbweha wawili wa kijivu! Taa tumeifunga juu ya pikapu, yeye anapiga, mimi naita. Naita kwa mdomo na kiganja tu, sauti ya sungura aliyenaswa. Asubuhi Ramiro akawaambia wote mezani: "Huyu akilia, hata mimi natamani kumla." Wakacheka. Nami nikacheka. Kusema kweli nilifurahi. Kwenye kazi nyingine zote hapa mimi ni wa mwisho. Kuita, hakuna anayenifikia.

Alhamisi, 4 Oktoba. Alfajiri

Sijalala. Tumeua mbwa.

Canela, jike wa mzee Bahamonde, mchungaji anayekaa peke yake kwenye kibanda cha magharibi.

Tulikuwa tunamtafuta yule mwekundu. Desturi ya hapa ni kwamba kabla ya kuita unapita kwa mchungaji wa upande ule, unamwambia, anafunga mbwa wake. Hatukupita. Ramiro alisema mzee ataweka birika motoni, ataanza habari za kisiwani kwetu, na usiku utaisha tunanyonya chai ya yerba. Nikakubali.

Niliita sungura karibu saa nzima. Hakuna kitu. Ramiro akaanza: "Vipi Mchilote, sauti umeiacha bwenini?" Kisha akasema, lia kama mwana-kondoo, si ndicho anachokula? Huwa hatufanyi hivyo msimu wa kuzaa, kondoo majike wanachanganyikiwa. Nikabana pua, nikalia. Mara mbili. Mara tatu. Macho mawili yakawaka mbali. Yakaja. Ramiro akapiga, risasi moja tu.

Tulipofika na tochi — ukanda wa ngozi shingoni.

Hatukuweza kujua. Giza, macho yanayong'aa, manyoya mekundu. Mtu yeyote angepiga.

Tumemfukia kwa mawe, ardhi imeganda. Ramiro anasema mbwa hupotea kila siku. Anasema tulale.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mzee Bahamonde alikuja bwenini juu ya farasi, ndevu zimejaa vumbi. Kauliza kila mtu. Canela hajarudi siku ya pili.

Akatuuliza sisi pia: "Juzi usiku nilisikia mlio wa bunduki. Mlikuwa wapi, vijana?"

Ramiro hata hakumeza mate. "Kule mtoni, mzee. Mashariki."

"Basi ni upepo. Upepo wa huku unabeba sauti unaitupa unakotaka."

Akaniangalia mimi. Yeye ni wa Achao, kijiji cha mama yangu. Tangu nilipofika huku ananiita kijana wa nyumbani. Akasema, "Wewe unamjua Canela. Hawezi kutoroka msimu wa kuzaa. Huu ndio msimu wake."

Ni kweli, namjua. Mbwa wengine wanafukuza kondoo. Canela alifundishwa kitu kimoja zaidi: akisikia mwana-kondoo analia peke yake, kakwama kwenye miiba au katupwa na mama, anakwenda, analala kando yake ampe joto, mpaka mzee afike. Niliwahi kumkuta hivyo kwenye theluji. Hakunyanyuka. Alinitazama tu, kana kwamba ananiuliza nimechelewa wapi.

Nilimwambia mzee nitafungua macho. Ndivyo nilivyosema! Nitafungua macho.

Jumapili, 7 Oktoba

Wengine wanalala. Mimi nataka kufuta niliyoandika Alhamisi, lakini nimeandika kwa kalamu ya wino.

Ni uongo kwamba hatukuweza kujua. Ramiro hakujua, alikuwa nyuma ya bunduki, anaona macho tu. Mimi nilijua.

Mbweha haji moja kwa moja. Hata awe na njaa kiasi gani, anazunguka, anatafuta upepo, anakaa, anasikiliza, anasogea tena. Miaka yote niliyoita sijaona mbweha anayekuja mbio mstari mmoja. Yule alikuja mbio. Alikuja kama mtu aliyesikia mtoto wake analia. Nikasema moyoni: huyu ni mbwa. Nikasema hata jina.

Nilikuwa na muda wa kusema "Acha." Neno dogo. Badala yake nikalia tena, mara ya nne. Kwa nini? Kwa sababu Ramiro alikuwa amenicheka saa nzima, na hatimaye kitu kilikuwa kinakuja kwa sauti yangu. Nilitaka kije. Nilitaka awe mbweha. Sina sababu nyingine, nimetafuta.

Basi. Iko kwenye karatasi.

Jumanne, 9 Oktoba

Wana-kondoo sita wamekutwa wameraruliwa koo upande wa mzee. Bila shaka! Yule mwekundu anatembea atakavyo, hakuna mbwa wa kumzuia. Lakini nyapara kasema jikoni, mbele ya wote, kwamba hayo ni meno ya mbwa. Canela ameonja damu, amekwenda mwituni. Atakayemwona ampige.

Mzee Bahamonde alikuwa pale na bakuli la mchuzi. Akaliweka chini.

"Canela? Analala nao, Sáenz. Analala nao."

"Analala nao kwanza, anawala baadaye," mpishi akasema. Meza nzima ikacheka.

"Wewe unamjua kondoo akiwa sufuriani tu," mzee akamjibu. Lakini sauti ilimtetemeka, na hilo likawachekesha zaidi.

Nyapara hakucheka. Kasema mchungaji anayefuga mla kondoo hafai kukaa malishoni. Jumapili wanaume wote watatoka na bunduki kusaka upande ule. Na mzee atahamia hapa chini kumenya viazi, au apande lori arudi kwao. Miaka ishirini na sita yuko kwenye kibanda kile.

Nilitazama bakuli langu. Nyama ya kondoo na viazi. Nilikula yote.

Baadaye nikamfuata Ramiro bandani, nikamwambia lazima tuseme. Alikuwa anakaza nati ya gurudumu, hakugeuka.

"Sema wewe. Kisha useme pia kwamba hatukupita kwa mzee, na kwamba tulimdanganya usoni. Nyapara atatufukuza wote wawili kabla ya chakula cha jioni."

"Mzee anafukuzwa sasa hivi."

"Mzee ni mzee. Mimi nina watoto watatu, Lindor."

Ameniita Lindor. Ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa. Tulikaa tukivuta sigara moja kwa zamu. Ni rafiki yangu. Bila yeye, mwaka nilioumwa homa ningekufa. Sikumwambia nililoandika Jumapili. Hata yeye hajui.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mzee kaja kunitafuta zizini. Kasubiri nimalize kumfunga mwana-kondoo yatima ngozi ya yule aliyekufa, ili mama ampokee. Kisha kasema, anaona haya kuniomba.

Yeye anaona haya!

"Wanasema wewe unaweza kulia kama mwana-kondoo."

Nilidhani amejua. Lakini hapana. Akaendelea: "Canela, hata akiwa amekwenda mwituni, hata akiwa amevunjika mguu, akisikia mwana-kondoo atakuja. Mimi najaribu, lakini meno sina, sauti inatoka kama ya mbuzi mlevi. Njoo unisaidie usiku, mwanangu. Kabla ya Jumapili. Nikimpata, nitamfunga, nyapara ataona mwenyewe kwamba hana damu mdomoni."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini? Nimekwisha kujiuliza mara mia: ningesema nini? Jibu nalijua.

Ijumaa, 12 Oktoba. Kibandani kwa mzee

Tumerudi sasa hivi, kunakaribia kucha. Mzee amelala na viatu. Naandika karibu na jiko, vidole haviniitikii vizuri.

Tulianza saa tatu usiku. Niliita vilimani, niliita kwenye seng'enge ya mwisho, niliita kando ya dimbwi. Kila nikilia, kondoo majike walijibu gizani, pande zote, kila mmoja akidhani ni wake. Nikinyamaza, mzee anaita jina: "Canela! Canela, mama!" Kisha ananigusa bega — tena. Nikalia tena. Sijawahi kulia vizuri kama jana usiku. Machozi yalikuwa yananitoka, nayo yanasaidia sauti. Mzee alidhani ni upepo.

Mara akanishika mkono. Macho mawili!

"Ndiye," akanong'ona. "Ndiye, ndiye."

Yalizunguka. Yakatafuta upepo. Yakakaa. Nikajua. Akasogea mpaka nikamwona mzima chini ya taa aliyoishika mzee: mwekundu, mkia mnene, kifua kipana, mkubwa kuliko wote niliowahi kuona. Ndiye muuaji. Bunduki ya mzee ilikuwa mkononi mwangu. Hatua arobaini, hata kipofu asingemkosa. Ningempelekea nyapara ile ngozi, midomo yote jikoni ingefungwa!

Nikainua. Mzee akashusha mtutu kwa kiganja.

"Mzee, huyu ndiye anayewala!"

"Najua. Mwache."

"Tukimpiga huyu, Canela amesafishika."

"Tukipiga, Canela atakimbia. Yuko karibu, nahisi. Amesikia bunduki mara moja usiku ule na hajarudi. Nisimtishe tena." Akazima taa. Tukasikia mbweha anaondoka taratibu, bila wasiwasi wowote.

Tukakaa gizani. Mzee akaniambia nilie tena, ila polepole. Nikalia polepole.

Jumamosi, 13 Oktoba

Usiku wa pili. Hakuna. Sauti yangu imekauka, inatoka kama mlango wenye kutu. Mzee amenipa maji ya moto na sukari aliyoiunguza. Ananifunika kwa ngozi zake mbili, yeye analala na koti tu.

Nilianza kusema. Nilisema, "Mzee, kuna kitu." Akasema, usijilaumu, umeita vizuri, kosa si lako.

Nikanywa yale maji ya sukari.

Jumapili, 14 Oktoba. Saa mbili asubuhi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya nyapara. Daftari liko gotini.

Mzee aliniamsha alfajiri. Kanyoa ndevu, kajikata kidevuni. Kavaa shati jeupe. Amefikiri usiku kucha, anasema, na amepata njia.

Atamwambia nyapara kwamba Canela alikuwa mla kondoo kweli. Kwamba alimkuta jana usiku juu ya mwana-kondoo, akampiga mwenyewe, akamfukia. Basi wasakaji hawatakuwa na wa kumsaka. Wataweka bunduki chini, na Canela atabaki hai huko aliko, mpaka apate akili ya kurudi. Mzee atakuwa hayupo, lakini mbwa atakipata kibanda, na mchungaji mpya atampa hata mifupa.

"Na wewe je, mzee?"

"Mimi lori la Jumanne. Achao bado ipo, au wameihamisha?" Akacheka. Akataka nami nicheke.

Anahitaji shahidi. Nyapara hataamini neno lake pekee, kila mtu anajua anavyompenda yule mbwa. Mimi nilikuwa naye usiku. Anataka niseme nilimwona Canela akianguka, na nilisaidia kupanga mawe juu yake. Kasema anajua ni dhambi kuniomba niape uongo, yeye ataibeba mbele ya Mungu, si mimi.

Niape uongo! Sitahitaji kubuni hata neno. Nitasema alikuwa anakuja mbio. Nitasema risasi moja. Nitasema mawe. Kitakachokuwa uongo ni kimoja tu, nani alikuwa pale.

Nikisema anavyotaka, jina la Canela linachafuka milele, na mzee anaondoka akiwa na matumaini. Nikisema kweli, jina linasafishika, huenda na kibanda anakipata tena. Ila hatakuwa na mbwa wa kumsubiri. Nami naondoka, na Ramiro na watoto wake watatu.

Wanaume wako uani, wanajaza risasi, wanataniana. Ramiro yuko kati yao. Ametuona tumekaa hapa, na amegeuza mgongo.

Mzee amekaa kando yangu, kofia magotini. Ananiuliza namwandikia nani. Nimesema, mama. Anasema nimsalimie, nimwambie Bahamonde anarudi, akiomba viazi vipya asinyimwe. Ananukia sabuni.

Nyapara ametoa kichwa mlangoni. Anasema hataki hadithi mbili kwa wakati mmoja. Mmoja mmoja. Shahidi kwanza.

Mzee ananigusa mgongoni, taratibu. Anasema, nenda, mwanangu, usiogope, sema tu ulichokiona.