Sala ya Mama, kwa Kidawida

Alhamisi, 24 Mei 2018. Joto limeanza ukorofi wake na miguu imevimba. Nimechoka hadi kuandika hapa ni kazi, lakini nisipoandika nitapasuka.

Jana mama hakuitambua sauti yangu.

Tangu apooze mwezi wa tatu, Kiswahili kimemtoka chote, amebaki na Kidawida cha kwetu Taita. Likizo yangu ni Agosti, na madam ninayemfanyia kazi huku ughaibuni ameshasema khalas, haisogei. Ninachoweza ni kumwombea tu. Simu za WhatsApp huku zimefungwa, kwa hivyo narekodi sala, namtumia dada yangu Wawuda, naye anamwekea mama simu sikioni. Jana niliomba vizuri kweli, kile Kiswahili cha kanisani, ewe Baba mwingi wa rehema, twanyenyekea mbele zako. Wawuda akaniambia mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza huyo mchungaji ni wa kanisa gani.

Wawuda alicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda kufua mashuka huku nalia.

Leo madam alikuwa na shughuli zake. Yeye ni mtu wa Bulgaria, na leo kwao ni sikukuu ya herufi. Ati herufi! Nilidhani ananitania. Asubuhi alinituma mtaa wa Satwa kwa fundi wa nguo nikachukue gauni la binti yake, limeshonwa herufi moja kubwa kifuani, umbo la msalaba kabisa. Nikiwa napiga pasi nikamuuliza, madam, hii ni ya kanisa? Akasema hiyo ndiyo ya kwanza katika zile herufi zao za zamani kabisa, na wengi kwao huamini ilichorwa msalaba makusudi, ili kuandika kuanze na Kristo. Zilitungwa na ndugu wawili, watu wa dini, ili Waslavi waisikie Injili kwa lugha waliyoongea nyumbani. Wakubwa fulani wa kanisa walikataa katakata. Walisema Mungu asifiwe kwa Kiebrania, Kigiriki na Kilatini tu, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa juu ya msalaba wa Yesu. Wale ndugu hawakunyamaza, walibishana nao.

Madam mwenyewe kanisani haendi. Aliyasema hayo huku akitafuta chaja yake, akaipata, akaondoka.

Mimi nikabaki na pasi mkononi. Wuueh, kumbe mimi ni mmoja wa wale wakubwa! Nina lugha zangu za Mungu: Kiswahili cha mimbari, na Kiingereza cha ibada ya huku kila Ijumaa. Kidawida nimekiweka cha kugombana na Wawuda na kuulizia mbuzi. Kuomba kwacho? Sijawahi hata siku moja.

Walipotoka wote nikajifungia chumba cha kufulia, nikabonyeza kurekodi. Mlungu... nikakwama. Yale maneno mazito sina kwa Kidawida. Nikafuta, nikaanza tena, nikafuta tena. Aibu, mtu mzima mimi. Mwishowe nikamwambia Mungu nilichokuwa nacho: mama yangu anaumwa, ni mkaidi, anasumbua akilishwa, naomba umwache anisubiri hadi Agosti. Basi. Hakuna cha ewe wala cha twanyenyekea. Nikasema amina, nikatuma kabla sijabadili nia.

Halafu nikaogopa. Je, kama hata sauti hii hataijua?

Wawuda alijibu jioni, mikono yangu ikiwa bado kwenye vyombo. Alisema mama alitulia tuli, akashika simu mwenyewe kwa ule mkono mzima. Amina hakusema. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Mghoi amekula.

Mghoi ni mimi.

Sijala, mama. Tangu asubuhi sijala. Ngoja nipashe ule wali, nikae chini nile kama mtu, halafu nikujibu kwa lugha yetu.