Nyumba ya Mpunga

Kaka Festo,

Shikamoo. Nimefika salama kwa shangazi hapa Namawala, ila joto la Kilombero hulijui. Jana alinitembeza nyumba yake mpya: matofali ya saruji, bati jekundu, madirisha ya vioo. Kila chumba alichofungua kilikuwa na magunia ya mpunga hadi dirishani, na jasho likinitiririka.

"Sasa mnalala wapi, shangazi?"

Akanionyesha nyumba yao ya zamani huko nyuma, ya udongo, imeezekwa kwa nyasi. "Mle. Hapa tulilala wiki mbili, baba, tukashindwa. Mpunga haulalamiki joto."

Chakula tulikula mle, wali na kambale wa kuchoma. Feni hakuna, na shati langu lilikauka kabla sijanawa mikono.

Uliniambia mwisho wa mwezi mafundi wanabomoa nyumba ya udongo ya mama ili umjengee kama hii ya shangazi. Sikukatazi, wewe ndiye mkubwa. Msalimie mama, na umwambie nikirudi nitafikia kwenye nyumba yake, kama nitaikuta.

Mdogo wako,
Alois