Sirene ya Mutoshi

Mujukuu wangu Ngalula,

Salamu zako zimefika huku Dilala. Mama yako angali anakohoa, na ukuta wa jikoni umepasuka tena kwa sababu ya baruti za mugodi.

Unaniuliza kama kuna faida kusimama na benzako mbele ya bunge kule Kinshasa, kuomba sheria ya mashine za akili bandia, wakati bakubwa banasema sheria itachelewesha kazi.

Ile neno mi ninaijua. Nilipokuwa kijana mugodini Mutoshi, tuliomba sirene ilie mbele ya kulipua baruti, batu bapate kujificha. Kapita wetu, musimamizi wa kazi, akajibu, «Sirene itachelewesha kazi.» Kisha jiwe likaruka mpaka kwa Mama Feza, jirani yetu, likamuua akianika mihogo uani kwake.

Hapo sirene baliiweka upesi. Siku ya kwanza ilipolia, tulikuwa tungali kwa kilio chake, tumekaa kwenye mikeka. Ililia sana. Hakuna aliyeinuka kujificha.

Ninyi munaomba mbele, kilio hakijafika bado. Sijui kama batabasikia ninyi; sisi habakutusikia. Lakini mubaki palepale.

Nkambo wako, Mwepu