Formateur alijua fundi yangu

Mwadi, minyi natoka ku club ya bajournalistes sasa hivi.

Président ya club alituita juu ya programme ya mwezi unakuya. Conférence ya élections kwanza, kisha formation ya kutufundisha vile tunaweza kuficha bantu benye banatupatiaka habari.

Formateur, ule wa kutufundisha, njo akaingia. Papa moya wa Lubumbashi, jina Sylvain, kwetu hakuna mwenye anamujua. Akasema siku ya formation kila muntu alete téléphone yake bila code.

Bila code, Mwadi. Kutufundisha kuficha bantu, na téléphone wazi.

Nikamuuliza juu ya nini. Akacheka tu, akasema mbele ya bote: «Maman Mwepu, na fundi yako wa Malemba, anashona bado?»

Anashona bado. Alisema vile, polepole. Benzangu banacheka, banawaza ni mambo ya kushona pagne.

Weye unajua sina fundi ku Malemba. Ni ule papa mwenye ananielezaka mambo ya bale bantu ya bunduki. Minyi njo nilimuandika «Fundi» mu téléphone juu basimujue. Nimesha kumuambia atoke ku nyumba yake leo hii.

Iyo jina hata bwana yangu hajue. Nilikuambiaka weye tu, siku tulikuwa tunamenya mihogo kwenu.

Naona umesoma. Naona unaandika, kisha unaacha, kisha unaandika tena.

Mwadi, unatafuta maneno gani?