Udongo Niliouanika Juani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla udadisi haujanimaliza,

Mimi ni mke wa mtu, nauza miche ya matunda na maua, na tunaishi na baba mkwe kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa kituo chake cha mafuta, pampu ziliondoka kabla sijaolewa lakini tangi lilibaki chini ya ardhi, na ile fimbo aliyokuwa akipimia mafuta siku hizi inategemeza kamba ya nguo, nami kila nikianika shuka naziangalia alama zake najiuliza, hivi huko chini kumebaki nini? Baba mkwe ananiita Bi Kwanini, na wala hanisingizii.

Sasa familia imeamua kuchimba kisima palepale uani, maana maji ya bomba yanakuja yakijisikia, kwa hiyo mafundi walikuja kulitoa tangi kwanza, wakafyonza masalia, winchi ikalivuta, watu wazima tukasimama kutazama kama watoto, na mimi nikawa wa kwanza kuinama nikaona tumbo la tangi limeliwa na kutu, lina vitundu, nikauliza, "Baba, si lilikuwa linavuja hili?" Akanijibu mbele ya mafundi, "Mwanangu, miaka yote niliyouza mafuta halijapotea tone. Hiyo kutu ni ya uzee, hata mimi ninayo." Watu wakacheka, mimi sikucheka, nikasema udongo upimwe kabla shimo halijafukiwa, basi akanuna, akasema namvua nguo hadharani mzee aliyenipokea kama binti yake.

Mume wangu alinitetea, akaleta chupa za maabara, akasema wanataka udongo wa chini kabisa ya shimo, nikashuka kwa ngazi mwenyewe nikachota, na kwa kuwa udongo ndiyo kazi yangu sikutaka kupeleka matope watu wakanicheka, nikautandaza kwenye trei juu ya bati, nikauanika mpaka ukakauka vizuri, mwanzoni ulinuka petroli hadi paka akahama kibarazani, lakini jioni ya pili harufu ilikuwa imekwisha kabisa, nikauchekecha, nikaujaza kwenye chupa, ukaenda.

Majibu yamerudi: safi. Mshauri, mzee aliimba! Kila mgeni anasimuliwa, na mimi hanisemeshi mpaka nimwombe radhi mbele ya familia nzima, na ameapa kwamba kisima kikitoa maji, kikombe cha kwanza atakunywa yeye, mbele yangu, nione. Wa pili atakuwa wifi yangu, ambaye ni mjamzito na anasema maji ya nyumbani yatamfaa. Wachimbaji wanakuja wiki ijayo. Nampenda mzee huyu, hajanibagua hata siku moja, na roho inaniuma kumwona ananipita kama nguzo, ila nikipita pale shimoni baada ya mvua, pua yangu bado inaniambia neno. Nimwombe radhi vipi ili yaishe, na huu udadisi niutibu kwa dawa gani?

Bi Kwanini

*

Bi Kwanini mwanangu, pole sana. Sasa kaa chini, maana nitakugombeza.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilifika kwenye trei nikavua miwani. Nikampigia simu mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kupima udongo, nikamsomea mpaka pale paka alipohama. Akasema, "Shangazi, huyo dada kapeleka udongo wa kupandia maua."

Wewe unauliza kila kitu. Umeuliza fimbo, umeuliza kutu, umemhoji baba wa watu mbele ya mafundi. Harufu ilipoondoka kwenye trei, mbona hukuuliza imekwenda wapi? Ilikwenda hewani, mama. Petroli ikianikwa huruka, kwa hiyo kile hasa kilichotakiwa kupimwa ndicho ulichokiacha kiende zake. Maabara haikusema uongo, ilipima ulichoipelekea. Kwa miche yako, kuanika na kuchekecha ni sawa. Kwa kazi hii, umeosha sufuria halafu ukauliza ndani kulipikwa nini.

Sisemi udongo ni mchafu. Mimi sijui, wewe hujui, na mzee naye hajui. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea, kwa sababu tangi huweza kuvuja kidogo kidogo, kiasi ambacho fimbo haikioni.

Haya, radhi. Kutaka udongo upimwe hukukosea. Kumuuliza baba mkwe hadharani kama mwizi wa kuku, ulikosea. Hilo mwombe radhi leo, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, na kwa sauti hiyohiyo mweleze habari ya trei. Atakucheka kwanza, halafu atanuna upya. Mwache anune.

Wachimbaji wasimamishe, na shimo lisifukiwe wala lisichezewe. Mtu wa maabara aje achote mwenyewe, chini na kwenye kuta za shimo, hasa usawa wa yale matundu na pale mabomba yalipoungana na tangi. Chupa ijazwe pomoni, ifungwe papo hapo, ikae kwenye barafu, ifike siku ileile. Wewe ngazi ile usiiguse tena, maana mvuke wa petroli hukaa chini, na shimoni mtu anaweza kuzimia watu wakidhani anachota. Na bomba lilipita wapi, aulizwe mzee, kwani hakuna anayekijua kiwanja kile kama yeye. Mrudishie fimbo yake aonyeshee, kamba ya nguo itafutie mti mwingine.

Udadisi si ugonjwa, usiutafutie dawa. Ulikutoka jioni moja tu, nayo ndiyo iliyotufikisha hapa. Majibu mapya yakija safi, chota maji ya kisima umpelekee mzee kwa mikono miwili, umwambie mbele ya wote kwamba alikuwa na haki. Nitafurahi kuliko yeye.

Lakini kwa leo, unapomwomba radhi, mwombe na kile kikombe asikinywe bado.