Gari Litalala Wapi

Jumapili, 2 Juni 1996

Nipo nyumbani Nkoma. Shule tulifunga Ijumaa, jana nimeshinda njiani. Daftari hili ni zawadi yangu ya Kiingereza, wa kwanza kidato cha tatu chote. Madam Justina alinipa mbele ya darasa, akasema niandike kila siku na niandike kweli tupu, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Hakusema kwa lugha gani. Kiingereza nimekiacha sandukuni pamoja na sare.

Habari kubwa — baba ananunua pikapu!

Mama kaniambia tukichambua mlenda, kama mtu anayesema kuku ametaga. Tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kununua pamba, baba ni wakala wa kampuni moja. Msimu uliopita alikodi magari ya watu. Msimu huu anataka lake.

Nikauliza: litalala wapi?

Mama akacheka, akaniita mwanawe kwa Kisukuma. "Ng'wanone Milembe, wenzako wanauliza rangi."

Lakini najua naye alishajiuliza. Baba ana miji miwili. Hapa, kwa mama yangu Nyanjige, mke mkubwa. Na Bariadi mjini, kwa mama mdogo Specioza, ndani ya ukuta wenye geti. Binti wa kwanza wa mama mdogo ni Flora. Tumepishana miezi miwili, mimi ndiye dada. Baba huja na kwenda kwa baiskeli: siku tatu kwetu, nne kwao. Nimehesabu tangu darasa la tatu. Inapolala baiskeli ndipo alipolala baba.

Nataka nne.

Jumanne, 4 Juni 1996

Amekuja Constantine, dalali wa magari wa Mwanza. Viatu vimechongoka mbele, vinazama kwenye samadi. Kaleta vijitabu viwili vya picha, vyote kwa Kiingereza. Kimoja cha Hilux ya kabini moja. Kimoja cha Nissan dabo kabini.

"Mzee wangu, zote kiboko," akasema. "Hili la kubebea mzigo. Hili la kubebea familia. Wewe tu, unajionaje!"

Baba akaangalia picha muda mrefu. Anasoma Kiswahili, Kiingereza hapana. Akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. Hakuuliza bei wala mafuta. Aliuliza: "Waliolitengeneza, walikuwa wanamfikiria mtu wa namna gani?"

Constantine akakohoa. "Mtu... mwenye uwezo, mzee."

Baba akaniita. Nilifuta mikono, nikadhani nitapewa vyote viwili. Akasema cha Nissan nisome mimi. Cha Hilux anampelekea Flora. Jumamosi tukutane hapa, kila mmoja aeleze chake mpaka mwisho, yeye ataamua.

Kwa nini Flora? Mimi nipo hapa! Mimi ndiye wa kwanza darasani, na darasani kwao sijasikia kama ana hata nafasi ya kumi. Lakini yeye anavaa soksi nyeupe, na baba akimtaja sauti yake inakuwa laini.

Kabla hajakikunja kile cha Hilux nilikiona. Mwanamume mmoja, kofia, buti zenye matope, nyuma yake mawe na mbingu. Kwenye cha Nissan yupo mwanamume wa shati lililopigwa pasi, mke wake, watoto wawili, na mbwa anachungulia dirishani.

"Mbwa kapanda gari," akasema mama. "Mimi sijapanda."

Ng'ombe waliotengwa kuuzwa mnadani kwa ajili ya gari ni wengi. Yule wa mama, mwenye baka jeupe, baba kamrudisha zizini.

Alhamisi, 6 Juni 1996

Nimeshinda na kamusi. Naandika ninavyofikiri.

Nissan ina viti vya watu watano. Bodi yake fupi, magunia machache. Imetengenezwa kwa mtu mwenye watu. Jumapili kanisani, Jumatatu watoto shuleni. Huyo ni baba wa kule mjini! Msichana wa kwenye picha ana soksi nyeupe. Nimemchukia, naye hajanikosea kitu. Gari hilo likija litalala ndani ya geti. Mama mdogo atashuka nalo mbele ya kanisa, Flora atashuka nalo mbele ya shule, na sisi tutasikia habari.

Hilux ni ya mtu mwenye kazi. Kazi iko Nkoma. Ghala la pamba liko hapa, nyuma ya nyumba ya mama. Gari la mzigo litalala palipo na mzigo.

Kwa hiyo nataka Hilux ishinde. Nami nimepewa kuitetea Nissan.

Halafu nimeona jambo. Ukurasa wa mwisho, chini, herufi ndogo kama mayai ya chawa: Nissan inaweza kuvuta tela la zaidi ya tani moja. Nimesoma mara nne. Baba ana tela. Lipo pale karibu na zizi tangu trekta life, kuku wanatagia ndani. Dabo kabini likivuta tela lile, litabeba watu wake na pamba yake. Halitahitaji kuchagua. Na litalala getini.

Madam Justina anasema msomaji mwaminifu haruki mstari.

Jumamosi, 8 Juni 1996

Imekwisha. Niandike yote.

Flora kaja na baba, kwenye kibebeo cha baiskeli, kitambaa kichwani. Kampigia mama magoti: "Mwangaluka, mama mkubwa." Kisukuma chake kina kutu lakini mama alifurahi mpaka akamtolea matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, niliyofichiwa mimi.

Tuliwekewa vigoda viwili. Flora alianza. Niseme kweli, alisoma vizuri. Polepole, sentensi nzima, halafu Kiswahili chake. Mzigo tani moja. Bodi ndefu. Linavuta tela. Baba akauliza: "Na ubaya wake?" Flora akasema: "Watu wa kukaa ni watatu tu, baba, na dereva akiwemo. Mama mkubwa na mama hawawezi kukaa pamoja na wewe."

Mama akaguna. "Nani kakwambia tunataka kukaa pamoja?" Wote tukacheka. Hata mimi.

"Na waliolitengeneza, walimfikiria nani?"

"Mtu wa safari, baba. Kwenye picha hana nyumba."

Zamu yangu. Nikasoma viti, madirisha, bodi. Sauti yangu ilikuwa kavu. Nilipofika ukurasa wa mwisho baba akauliza mwenyewe, akielekeza kidole zizini: "Tela je? Wamesemaje?"

Nikasema: "Hawajasema kitu, baba."

Ilitoka nyepesi! Kama salamu.

Baba akatikisa kichwa. "Basi Hilux." Akanipiga begani, akanishukuru kwa Kisukuma na kuniita mama. "Wabeja, mayu. Mmenisomea vizuri wote."

Wote. Hata uongo wangu nimegawana na Flora.

Jumapili, 9 Juni 1996

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo. Kuna mtu alisema tutubu palepale tunapokosa, nadhani ni mwinjilisti. Lakini nikifikiria geti lile na gari halimo ndani — nafurahi. Nimeandika kweli.

Kijitabu nimekiweka chini ya sare.

Alhamisi, 20 Juni 1996

Limekuja! Jeupe! Tulisikia honi kabla ya kuona vumbi. Watoto wa jirani walikimbia mpaka mmoja akaacha kaptula. Baba kashuka akiwa amenyooka kama bwana harusi. Dereva anaitwa Machibya, mtu wa maneno mengi. Kamwambia mama: "Mama, mpe mkono mwenzio." Mama kauliza mwenzio nani. "Huyu mke mdogo," akasema, akapiga bodi. "Anakunywa dizeli, hagombani."

Mama alicheka na kufuta vumbi kwenye taa kwa kanga yake. Tulikuwa tumefagia mahali pake pa kulala, mimi na yeye, karibu na ghala. Nilitoa mawe yote.

Wakapakia magunia. Wakanywa maziwa mgando wamesimama. Wakaondoka kwenda Lingeka, kampuni imefungua kituo cha pamba kule.

Halijalala.

Jumanne, 25 Juni 1996

Limepita jana. Honi. Mama anasema baba alipunga mkono. Nilikuwa kisimani, nikaona vumbi tu.

Siku ya tano hajalala kwetu. Yupo mjini, bila shaka. Flora anammwagia maji anawe.

Mama kafagia tena pale mahali.

Alhamisi, 27 Juni 1996

Mama kasema leo, anapepeta mtama, hanitazami: "Baiskeli ilikuwa inamrudisha." Basi. Akaendelea kupepeta.

Baiskeli imeegemezwa ghalani. Tairi la nyuma limelala. Siku tatu zile nilizokuwa nazidharau!

Jumamosi, 29 Juni 1996

Limekuja saa nane mchana na Flora ndani. Katikati, kati ya Machibya na baba, mkoba wa karatasi za kampuni mapajani. Kumbe yeye ndiye amekuwa msomaji wake! Wiki nzima! Mimi niliondoa mawe, yeye kapewa kiti.

Nikamkokota jikoni nikamuuliza bila hata salamu: baba analala kwenu siku zote, siyo?

Akanishangaa. "Kwetu? Dada, kwetu amelala siku moja tangu gari lije. Mama anadhani yuko huku. Jana alinipakia nimsomee barua, ndiyo nikaona. Wanalala vituoni, juu ya pamba. Lingeka, Kimali, popote."

Halafu akasema taratibu: "Nilimwambia, mtu wa kwenye picha hana nyumba."

Nikachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Nje walikuwa wanafunga lile tela. Kuku wametolewa, mayai mama kayakusanya. Machibya, mdomo wake haufungi, akasema: "Lakini mzee, hata ile Nissan uliyoiacha ingevuta hili. Bosi wangu wa zamani alikuwa nayo kama ile, tunavuta maji kila siku, watoto wake wamekaa nyuma wanaimba."

Baba aliachia kamba ya tela. Kisha: "Milembe, leta kile kijitabu."

Nilikitoa chini ya sare. Baba hakunipa mimi. Kampa Flora. "Hiki wewe hukukisoma. Soma mpaka mwisho."

Kasoma. Viti. Madirisha. Bodi. Nilisimama na sufuria mkononi sijui kwa nini. Ukurasa wa mwisho. Niliona macho yake yakishuka chini, kwenye zile herufi, yakakaa pale. Hakuniangalia. Akasoma sentensi iliyo juu yake. Akasoma iliyo chini yake. Akafunga.

"Ni kama dada alivyokisoma, baba," akasema.

Machibya akakuna kichwa. "Basi labda ile ya bosi walichomelea chuma wenyewe." Baba akacheka kidogo, akarudi kwenye kamba.

Ilipofika jioni wakagundua tairi la tela halina upepo wa kutosha, na Machibya kachoka. Baba kasema watalala hapa. Gari lipo pale tulipofagia. Mama kaenda kuoga akaimba.

Nimepata nilichotaka. Nacho kimekuja na Flora kitandani kwangu, ananiomba mafuta ya kujipaka kama vile hakuna kitu. Nilitamani aniseme. Aniite mwongo kwa Kiingereza, nimjibu. Hasemi! Ana soksi nyeupe, ana ukuta, na sasa ana siri yangu, anaitunza vizuri kuliko mimi. Sijawahi kumwonea wivu kama leo.

Jumapili, 30 Juni 1996

Asubuhi. Naandika haraka.

Mama kavaa kitenge cha harusi ya mjomba, kwa ajili ya kukoroga uji tu. Baba alikunywa vikombe vitatu. Alisema hapa usingizi ni mzuri, alishasahau usingizi unakuwaje. Akasema, akimtazama mama na siyo sisi, kwamba angelikuwa na gari la kuwachukua wote lingekuwa jambo jingine, lakini mtu anaamua kwa alichosomewa. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Kisha akasema kesho alfajiri watu wa kampuni watakuwa Kimali. Kuna mkataba wa mawakala, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Wanaondoka leo ili walale huko. Anataka mtu wa kumsomea kila mstari kabla hajatia sahihi. Nafasi ni moja.

Nilingoja ajibu Flora. Kiti ni chake, mkoba ulikuwa wake.

Flora akasema: "Mchukue dada, baba. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi."

Alikuwa anaangalia uji.

"Sikieni mtu na dada yake!" akasema mama, akafurahi mpaka akamwongezea sukari.

Baba akasema haya, mayu, vaa viatu. Flora atabaki na mama mpaka turudi.

Nimeingia ndani kuchukua kamusi. Flora kanifuata, kaweka kijitabu juu ya kitanda, katoka. Kakunja pembe ya ukurasa wa mwisho. Kidogo tu, kama anayeweka alama asipotee.

Honi. Machibya huyo.

Viatu nimevaa. Kamusi ninayo. Mkoba wa baba upo mlangoni, mdomo wazi, karatasi za kampuni zinaonekana. Kijitabu kinaingia humo bila shida. Sandukuni pia kinaingia, chini ya sare, kama mwanzo. Kutoka hapa mpaka Kimali nitakaa katikati, bega langu kwenye bega la baba, njia nzima —

Honi tena. Baba anaita jina langu.